Injini ya pampu, raha ya mbio: gokati na mji wa Mbale

NA MWANDISHI WETU WA KIKANDA, MBALE

Injini ndogo ya petroli ya cc 196 ina kazi nyingi mashariki mwa Uganda. Inavuta maji ya kumwagilia nyanya na kabichi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, inapukuchua mahindi, inazungusha mashine ya zege pale nyumba inapojengwa. Katika maduka ya mashine ya Mbale utaikuta imepangwa mstari mbele ya mlango: zile nyekundu na nyeupe za Honda GX200, na kando yake ndugu zao kutoka China wanaofanana nazo kama pacha, ila bei yao ni ya chini zaidi.

Injini hiyo hiyo ikifungwa kando ya kiti cha plastiki, sentimita chache juu ya lami, huwafanya watu wazima wapige kelele kama watoto waliofunguliwa shule. Chombo chenyewe kinaitwa gokati. Ni fremu ya mabomba, magurudumu manne madogo, usukani, pedali mbili na injini ya farasi watano au sita. Hakina mlango, hakina paa, hakina gia.

Mbale yenyewe haina uwanja wa gokati. Lakini wasomaji wa gazeti hili hawakai mahali pamoja. Anayefuata bidhaa Nairobi anapita karibu na uwanja wa Lang'ata, jirani na mgahawa wa Carnivore, ambako gokati zimekuwa zikizunguka kwa miaka mingi. Upande wa Athi River, nje kidogo ya barabara ya Mombasa, upo mwingine. Anayeshuka hadi bandarini atakuta mwingine kaskazini mwa mji wa Mombasa, upande wa Shanzu, ambako watalii na wenyeji hushindana hadi usiku chini ya taa. Kwa hiyo habari hii ina sehemu mbili: raha ambayo mfanyabiashara anaweza kuionja akiwa safarini, na swali ambalo raha hiyo inaliacha kwa mji kama Mbale, wenye mafundi, vijana na kiu ya mahali pa kwenda Jumamosi.

Kasi ndogo inayoonekana kubwa

Kwa anayesimama nje ya uzio, gokati si kitu cha ajabu. Gari la kukodi la kawaida huenda kilomita 40 au 50 kwa saa. Bodaboda yoyote kwenye barabara ya Tirinyi inakwenda kasi kuliko hiyo, na juu yake kuna abiria wawili na mkungu wa matoke.

Ukikaa ndani mambo yanabadilika. Makalio yako yako karibu kugusa ardhi. Macho yako yako chini ya usawa wa bonati ya gari la kawaida, na lami inapita chini ya viwiko vyako kama mto. Kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Namba hiyo hiyo ukiwa kwenye basi inakuletea usingizi. Kwenye gokati inakukausha mate.

Mara ya kwanza nilipoendesha, nilishangazwa na mikono zaidi kuliko kasi. Usukani wa gokati hauna msaada wa mafuta wala umeme. Kila kokoto, kila ufa wa lami unapanda moja kwa moja hadi kwenye mabega. Hakuna springi, hakuna shokabu. Baada ya dakika nane nilishuka mikono ikitetemeka kama ya mtu aliyepakua magunia, nikaenda moja kwa moja dirishani kununua tiketi ya pili.

Kuna sababu ya kiufundi ya raha hiyo, na mafundi wa Mbale wataielewa upesi kuliko wengi. Gari la kawaida lina difu, ile sehemu inayoruhusu gurudumu la nje kwenye kona lizunguke haraka kuliko la ndani. Gokati haina difu. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kilichonyooka, na magurudumu yote mawili lazima yazunguke sawasawa. Kwa hesabu ya kawaida, chombo cha namna hiyo hakitaki kupinda; kitasukuma mbele tu kama mkokoteni uliokwama.

Kinachokiokoa ni fremu. Unapokata usukani, magurudumu ya mbele yamewekwa kwa namna ambayo moja linashuka na jingine linapanda, fremu inajipinda kidogo, na gurudumu la nyuma la upande wa ndani linanyanyuka. Kwa nukta hiyo fupi gokati inapita kona kwa matairi matatu. Ndiyo maana fremu nzuri ya gokati si ile ngumu kuliko zote. Mchomeleaji aliyezoea kutengeneza mageti na matela ataongeza vyuma ili kitu kiwe imara, na hapo ndipo ataiharibu. Inabidi fremu ijipinde kiasi, kisha irudi.

Klachi nayo ni ya kujishika yenyewe. Injini ikiwa taratibu, gari limesimama. Ukikanyaga mafuta, vipande vya chuma ndani ya klachi vinatupwa nje na mzunguko, vinashika ngoma yake, na mnyororo unaanza kuvuta. Msumeno wa kukatia miti unafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Breki inahitaji heshima. Gokati nyingi za kukodi zina breki moja tu, diski iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Ukiikanyaga kwa nguvu huku usukani umekatwa, mkia unakimbia na unajikuta unatazama ulikotoka, wenzako wakija usoni. Wageni wote hufanya hivyo mara moja. Dawa yake ni kufunga breki wakati gari limenyooka, kuachia, kisha kuingia kona. Ingia kutoka ukingo wa nje, gusa ukingo wa ndani katikati ya kona, toka tena kuelekea nje. Anayekata kona kwa ndani tangu mwanzo anadhani amefupisha njia, kumbe amelipunguza gari mwendo, na atapitwa kwenye mstari ulionyooka.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: uzito. Injini ni ndogo, hivyo kilo 20 za ziada za dereva zinaonekana kwenye saa. Katika mashindano rasmi kuna uzito wa chini unaotakiwa, na dereva mwembamba hufungiwa vipande vya risasi kwenye kiti ili mambo yawe sawa. Kwenye viwanja vya kukodi hakuna usawa huo. Mfanyabiashara aliyefanikiwa hadi tumboni atapitwa na binti yake wa miaka 14, tena mara mbili, na hakuna la kufanya zaidi ya kulipa soda.

Ilianzia karakana

Gokati haikutoka kwenye kiwanda kikubwa cha magari. Mwaka 1956, huko California, Marekani, fundi mmoja aitwaye Art Ingels, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kutengeneza magari ya mbio ya Kurtis Kraft, alichukua injini ndogo ya West Bend ya mashine ya kukata majani, akaifunga kwenye fremu ya mabomba aliyoichomelea mwenyewe. Majirani waliiona, wakataka na wao. Muda si mrefu watu walikuwa wanakutana kwenye uwanja wa maegesho wa Rose Bowl, mjini Pasadena, wakizungusha vigari vyao. Kufikia 1964 kulikuwa na ubingwa wa dunia. Wa kwanza ulifanyika Roma na kushindwa na Mwitaliano Guido Sala.

Tangu hapo gokati imekuwa darasa la kwanza la karibu kila dereva mkubwa wa Formula 1. Ayrton Senna wa Brazil alitengenezewa ya kwanza na baba yake akiwa na umri wa miaka minne, kwa injini ya mashine ya majani ya farasi mmoja. Lewis Hamilton wa Uingereza alianza mashindano akiwa na miaka minane, kwa gokati iliyotumika, na baba yake akafanya kazi zaidi ya moja ili kulipia matairi. Baba yake Michael Schumacher alikuwa akisimamia uwanja wa gokati mjini Kerpen, Ujerumani. Siwataji hawa ili kumwambia mzazi yeyote kwamba mwanawe atakuwa Hamilton. Gharama za kupanda ngazi za mbio hizo Ulaya zimewashinda hata matajiri. Nawataja kwa sababu ya injini ya mashine ya majani, ambayo haina tofauti kubwa na ile inayovuta maji Bulambuli.

Na eneo letu halikosi historia ya usukani. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla hata ya nchi hizo kupata uhuru, na kwa miaka mingi ilikuwa moja ya shughuli chache zilizopita mipaka yote mitatu kwa siku chache. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945 katika ukoo wa viwanda vya sukari vya Lugazi, aliishinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Wakati anashinda alikuwa anahesabiwa dereva wa Kenya. Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia mwaka 1972. Uganda ilipoteza maduka na viwanda, na pia ilipoteza bingwa.

Kuna na binamu wa gokati ambaye hahitaji petroli kabisa. Wasomaji wetu wa Goma wanamfahamu: chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayobeba mamia ya kilo za viazi, mkaa na makabichi kutoka vilimani hadi sokoni. Kupanda nayo ni mateso. Kushuka nayo ni mbio, na mwenye chukudu anayeteremka kwa goti moja juu ya ubao, breki yake ikiwa kipande cha mpira na soli ya kiatu, anajua kuhusu kona mambo ambayo hayafundishwi darasani. Mji wa Goma umemjengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara.

Kigali, Desemba 2024

Tukio la karibuni lenye somo kwa mafundi wa mipakani lilitokea Rwanda. Tarehe 13 Desemba 2024, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilifanya mkutano wake mkuu na hafla ya tuzo mjini Kigali. Bingwa wa dunia Max Verstappen alikuwa na adhabu ya kutumikia: alitumia lugha chafu kwenye mkutano wa waandishi wa habari Singapore mwezi Septemba, akaamriwa kufanya kazi ya manufaa kwa jamii. Aliitumikia Kigali, pamoja na vijana wa klabu ya magari ya Rwanda.

Vyombo vya habari vya Ulaya vilishika habari ya matusi. Kwa macho ya mtu wa biashara, habari kubwa zaidi ilikuwa gari lililokuwa pale. Lilikuwa gari dogo la kukimbia kwenye udongo, lenye fremu ya mabomba inayomzunguka dereva, na lilikuwa limeundwa Rwanda kwa kufuata michoro iliyotolewa na FIA. Shirikisho hilo lina mpango wa gari la aina hiyo la bei nafuu: badala ya kuuza gari zima kutoka Ulaya, linatoa michoro kwa mashirikisho ya nchi wanachama ili mafundi wa huko walichomelee wenyewe.

Hilo linaigusa Mbale moja kwa moja. Uganda ni mwanachama wa FIA kupitia shirikisho lake la vilabu vya michezo ya magari. Na gari la udongo linakwepa gharama kubwa kuliko zote katika biashara hii, ambayo ni lami.

Hesabu ya eka moja

Tufanye hesabu. Uwanja wa mita 500 wenye njia ya upana wa mita nane unahitaji mita za mraba 4,000 za lami. Hiyo ni karibu eka moja kamili ya lami, bila kuhesabu maegesho, karakana, choo na mahali pa watazamaji. Eneo zima litafika eka mbili au tatu. Katika Divisheni ya Viwanda, ambako ardhi inagombewa na maghala, viwanda na nyumba za kupangisha, na ambako hifadhi ya viwanda ya Uganda na China iliyozinduliwa 2018 imechukua eka 619, ardhi ya namna hiyo haiokotwi.

Ipo ardhi iliyo wazi, ndiyo, kuelekea bonde la mto Namatala. Mwenye akili atakumbuka kwa nini iko wazi. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Namatala na Nabuyonga ilivunja kingo zake, ikachukua watu, nyumba na magari. Eka moja ya lami haimezi maji. Inayasukuma kwa jirani. Yeyote atakayepeleka uwanja wa burudani kwenye bonde lile atakuwa ameanzisha ugomvi na watu wa chini yake kabla injini ya kwanza haijawaka.

Upande wa mafuta, hesabu ni tamu kidogo. Honda GX200 ikifanya kazi kwa nguvu yake kamili mfululizo hunywa takriban lita 1.7 kwa saa. Mzunguko wa dakika nane, basi, hauzidi robo lita. Tuseme mtu ana gokati sita na anaweza kupeleka makundi matatu kila saa, maana kuna muda wa kushuka, kupanda na kufunga kofia. Hao ni madereva 18, na petroli yao wote ni lita nne na ushee. Mafuta hayatamfilisi.

Kitakachomfilisi ni vingine. Matairi ya gokati ni laini na huisha. Minyororo hukatika. Pedi za breki, ekseli zilizopinda baada ya kugonga, klachi zilizoungua kwa sababu mteja alikanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Injini ya kichina inaweza kuwa rahisi dukani, lakini biashara ya kukodi inaiwasha mchana kutwa, na hapo tofauti ya ubora inajitokeza ndani ya miezi. Mtu aliyewahi kumiliki mashine ya kusaga atanielewa.

Mbale ina nafuu mbili. Wachomeleaji wapo, na matairi chakavu yapo kwa malundo. Ukuta wa uwanja wa gokati hutengenezwa kwa matairi, lakini si kwa kuyatupa tu kandokando. Hufungwa kwa bolti moja kwa jingine, na mbele yake huwekwa mkanda mpana wa mpira au plastiki ili gokati iteleze badala ya kuzama katikati ya matairi mawili na kumvunja dereva miguu. Tofauti ya ukuta wa kwanza na wa pili ni bolti na jioni mbili za kazi.

Jinja ni mfano ulio karibu wa mji uliogeuza kasi kuwa ajira. Watu wanakwenda pale kurushwa na maji ya Nile, kuruka kwa kamba, na kuendesha pikipiki za magurudumu manne kwenye njia za vijijini. Hata bwawa la Bujagali lilipofunika maporomoko, biashara ya burudani haikufa, ilisogea. Lakini Jinja inaishi kwa watalii wanaolipa kwa dola. Mbale inaishi kwa watu wa sokoni, wanafunzi, madereva wa malori na wafanyabiashara wa kahawa. Uwanja wa Mbale ungepangwa bei kwa mifuko hiyo, na ningependa kuona mtu akipiga hesabu ya bei hiyo kabla ya kupiga picha ya uzinduzi.

Kwa nini basi tusumbuke? Kwa sababu kijana wa Namatala au Malukhu mwenye hamu ya kasi ana mahali pamoja tu pa kuitolea: barabarani, juu ya bodaboda, usiku, mara nyingi bila kofia. Wodi za mifupa za hospitali zetu zinajua matokeo yake. Sidai kwamba gokati sita zitamaliza hilo. Nadai kwamba ni vigumu kumwambia kijana wa miaka 19 aache kushindana barabarani wakati hujamwonyesha mahali pengine ambapo kushindana kunaruhusiwa, ukuta ni wa mpira, na kila mtu anakwenda upande mmoja.

Mpakani

Kwa wanaofikiria kuleta gokati kutoka Nairobi au kupitia Mombasa, mambo machache. Gokati haisajiliwi kwa ajili ya barabara, hivyo huwezi kuivusha ukiiendesha kama gari lako lenye bima ya kadi ya njano ya COMESA. Inavuka juu ya lori au pikapu kama shehena, na inatangazwa kama shehena. Ikiwa imetoka nje ya Jumuiya, itakutana na ushuru wa pamoja wa forodha, ambao tangu Julai 2022 una viwango vinne: sifuri, 10, 25 na 35 kwa mia. Kiwango chako kitategemea imeandikwaje kwenye hati. Muulize wakala wako kabla ya kulipia, si baada.

Usijidanganye na utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo. Cheti kile cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Gokati ya kiwandani kutoka China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kulala usiku mmoja Malaba. Iliyochomelewa Mbale au Bungoma kwa mabomba ya hapa na injini ya kigeni ni kesi nyingine, na hapo ndipo dawati la habari za biashara pale Busia au Malaba linapofaa kusumbuliwa kwa maswali. Maofisa wa pande zote mbili wanakaa chini ya paa moja siku hizi. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018. Jibu la swali moja linaweza kupatikana kwa asubuhi moja.

Anayetaka kuleta vyombo kwa mashindano ya siku mbili kisha kuvirudisha ana njia ya uingizaji wa muda, kwa dhamana. Watu wa mbio za magari wameitumia kwa miaka mingi. Njia hiyo haina huruma kwa anayechelewa kuvirudisha.

Kabla hujakaa kwenye kiti

Kwa msomaji ambaye hatajenga chochote na anataka raha tu akiwa Nairobi au Mombasa, haya ndiyo ya kujua.

Bei huhesabiwa kwa dakika, si kwa mizunguko. Kwenye uwanja wa mita 500, mwenye wastani wa kilomita 36 kwa saa anamaliza mzunguko kwa sekunde 50, hivyo dakika nane zinampa mizunguko tisa na kidogo. Mbili za kwanza utazipoteza ukijifunza. Nenda siku ya kazi mchana, si Jumapili baada ya ibada, maana siku hiyo utasimama foleni nyuma ya sherehe za kuzaliwa.

Kofia ngumu ni lazima na isicheze kichwani. Viatu viwe vya kufunika, vyenye soli nyembamba. Ndala zinanasa chini ya pedali. Nguo inayopepea haifai. Ekseli ya nyuma inazunguka wazi kando ya mgongo wako, na mnyororo uko karibu. Leso, shuka, mtandio, mkanda wa gomesi, rasta ndefu, vyote vinaweza kuvutwa kwenye chuma hicho kwa sekunde moja. Mcheza dansi Isadora Duncan alikufa Nice, Ufaransa, mwaka 1927, skafu yake ilipojiviringisha kwenye gurudumu la gari la wazi. Akina mama waliokuja na gomesi waombe ovaroli. Uwanja wowote wa maana unazo. Wenye hijabu waiingize yote ndani ya kofia na ndani ya ovaroli. Uwanja usioangalia nywele na nguo za wateja kabla ya kuwasha injini, ondoka na pesa yako.

Ukigeuka na kusimama katikati ya njia, usishuke. Nyoosha mikono juu wenye bendera wakuone, usubiri.  Ukioneshwa bendera ya njano, punguza mwendo na usimpite mtu. Ya buluu ina maana nyuma yako kuna mwenye kasi zaidi, mwachie njia. Kwa mzee mwenye heshima zake hilo ndilo gumu kuliko kona zote, hasa mwenye kasi akiwa mpwa wake.

Na toa kila kitu mifukoni. Mtetemo wa gokati hutoa simu mfukoni taratibu bila mwenyewe kujua, na pesa za mzigo ni mbaya zaidi, maana noti zikishaanza kupeperuka juu ya uwanja hakuna atakayesimama kukuokotea. Mabasi ya usiku ya kuelekea mpakani huondoka Nairobi jioni. Mwachie mwenzako pochi na risiti za bidhaa, mwambie akae upande wa kivuli, naye zamu yake ikifika ushike wewe.